Kwa Nini Marekani Huchukiwa: Funzo la Ufukwe wa Ziwa Mweru

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa majeshi ya ulinzi na wa polisi mlioko makambini, vituoni na kwenye malindo ya mipakani. Ni nadra mwaka kupita bila taarifa ya habari kueleza kwamba mahali fulani ulimwenguni umati wa watu umechoma moto bendera ya Marekani, au umezingira ubalozi wake kwa mawe na matusi. Habari hiyo imesikika mara nyingi mno hata haimshangazi mtu tena. Lakini swali la kwa nini jambo hilo hutokea halijajibiwa ipasavyo.

Wapo wanaosema ni wivu tu: Marekani ni tajiri, na tajiri hana rafiki. Wapo wengine wanaosema Wamarekani ni watu waovu kwa asili yao. Majibu hayo yote mawili ni ya uvivu. La kwanza linamwondolea mwenye nguvu wajibu wa kuyatazama matendo yake. La pili linamfanya mtoto aliyezaliwa jana mjini Chicago kuwa mkosaji kwa jambo asilolijua. Raia akijibu hivyo atapoteza maneno yake tu, lakini askari akijibu hivyo anaweza kupoteza maisha ya watu, kwa sababu yeye ndiye atakayewekwa mlangoni siku umati utakapofika.

Kulielewa jambo hili si lazima kwenda mbali. Tazameni ramani, mahali ambapo Zambia na Kongo zinagawana Ziwa Mweru. Ufukweni upande wa kaskazini iko Chienge, wilaya ya Jimbo la Luapula. Ng'ambo ya maji iko Pweto ya Kongo, pale Mto Luvua unapolitoka ziwa. Kusini ya Chienge iko Nchelenge na soko lake la samaki la Kashikishi. Watu wa pande hizo mbili ni ndugu kwa damu na kwa ndoa. Kibemba husemwa huku na huko, na Kiswahili cha Katanga huvuka ziwa kila siku pamoja na vitenge, chumvi, na dagaa wanaoitwa chisense.

Chienge haina ubalozi wa Marekani wala kambi ya jeshi la Marekani. Wazee wengi wa huko wameishi maisha yao yote bila kumwona askari hata mmoja wa nchi hiyo. Hata hivyo matendo ya Marekani yamefika ufukweni hapo mara kwa mara, kama mawimbi yanayopiga mchanga wakati jahazi lililoyazusha limekwisha kupita na halionekani tena. Kwa sababu hiyo ufukwe huo unafaa kuwa darasa.

Sababu ya kwanza ya chuki ni matendo yanayofanywa kwa siri katika nyumba ya mtu mwingine.

Kabla ya uhuru, samaki wa Mweru na wa Mto Luapula walipakiwa katika malori na kupelekwa Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi siku hizi, kuwalisha wachimbaji wa shaba wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, wenye madini ya urani bora kuliko yote yaliyojulikana wakati huo. Mwaka 1940 tani zaidi ya 1,000 za madini hayo zilisafirishwa hadi New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ya kutengeneza bomu la atomiki ilitoka katika mgodi huo. Agosti 6, 1945, bomu likaanguka juu ya mji wa Hiroshima. Watu wa Katanga waliochimba madini hayo kwa mikono yao hawakuulizwa, wala hawakuambiwa. Tangu siku hizo Kongo haikuwa tena nchi ya watu machoni pa wakubwa wa Washington. Ilikuwa ghala, na ghala hufungwa kufuli.

Kongo ilipata uhuru wake Juni 30, 1960, chini ya Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Haukupita wiki mbili, Moise Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga, akitegemezwa na Wabelgiji. Mwezi Julai Lumumba alikwenda Washington kuomba msaada. Rais Eisenhower hakuonana naye. Lumumba aliporudi na kuomba ndege na magari kutoka Urusi, wakuu wa Marekani waliamua kwamba mtu huyo ni hatari. Mwezi Agosti mkuu wa Shirika la Ujasusi la Marekani, Allen Dulles, alipeleka simu ya maandishi Leopoldville akieleza kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la haraka na la kutangulizwa mbele ya mengine. Mwezi Septemba mkemia wa shirika hilo alifika Leopoldville akiwa amebeba sumu.

Sumu hiyo haikutumika. Lumumba alikamatwa na askari wa Mobutu, akapelekwa Katanga, na usiku wa Januari 17, 1961, akauawa kwa risasi pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Waliofyatua risasi walikuwa askari wa Katanga, na maofisa wa Kibelgiji walikuwapo. Ofisa mmoja wa polisi wa Kibelgiji ndiye aliyepewa kazi ya kuiangamiza miili kwa tindikali, na akabaki na meno ya marehemu kama kumbukumbu. Juni 20, 2022, jino moja lilikabidhiwa kwa jamaa wa marehemu mjini Brussels. Hicho ndicho kilichobaki cha waziri mkuu wa kwanza wa Kongo.

Haki inadai isemwe kwamba habari za njama ya sumu hazikufichuliwa na maadui wa Marekani. Zilifichuliwa mwaka 1975 na kamati ya Baraza la Seneti la Marekani lenyewe, iliyoongozwa na Seneta Frank Church. Kamati hiyo ilithibitisha njama ya kumwua Lumumba, ila haikupata ushahidi kwamba Wamarekani walishiriki katika mauaji yenyewe. Mwaka 2013 serikali ya Marekani ilichapisha nyaraka zaidi zinazoonyesha jinsi fedha zake za siri zilivyowafikia Mobutu na wenzake. Nchi inayoweza kuyachapisha maovu yake ina jambo la kusifiwa. Lakini ukweli ulichapishwa Washington, na kaburi halikuwapo Katanga. Aliyetenda aliandika kitabu akakifunga. Aliyetendwa alibaki bila hata mahali pa kuweka ua.

Wala Kongo haiko peke yake. Umati uliouvamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran Novemba 4, 1979, na kuwashika mateka 52 kwa siku 444, ulionekana kwa Wamarekani wengi kama kundi la wendawazimu lililozuka ghafla. Lakini Wairani walikuwa wakikumbuka Agosti 1953, majasusi wa Marekani na Uingereza walipomwangusha Waziri Mkuu Mossadegh, aliyetaka mafuta ya Irani yawe ya Wairani. Kosa la kuwashika mateka lilikuwa kosa. Lakini lilikuwa na umri wa miaka 26 kabla ya kutendeka.

Sababu ya pili ni kusema hili na kutenda lile.

Marekani iliufundisha ulimwengu neno la uhuru na haki ya mtu. Ni maneno mema, na watu wa Afrika waliyapenda. Lakini kwa karibu miaka 32, tangu Novemba 1965 hadi Mei 1997, Kongo ilitawaliwa na Mobutu, ambaye hakuruhusu uchaguzi wa kweli, naye alihesabiwa kuwa rafiki wa Marekani karibu muda wote huo. Mei 1978 ilipozuka vita ya Kolwezi, ndege kubwa za Marekani zilisafirisha vifaa vya majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliyokwenda kumwokoa. Katika miaka ya 1980 uwanja wa ndege wa Kamina, Katanga, ulitumika kupitishia silaha za Marekani kwa UNITA ya Angola. Mobutu alipokewa Ikulu ya Washington na marais kadhaa, na wa mwisho wao alimpokea mwezi Juni 1989. Vita Baridi ilipokwisha, urafiki nao ukapoa. Basi watu wakauliza: je, waliopendwa walikuwa Wakongo, au madini yao na viwanja vyao vya ndege?

Matunda ya utawala ule yalifika Chienge yakiwa ndani ya mitumbwi. Nchi isiyokuwa na serikali inayowajibika, yenye askari wasiolipwa mishahara, iliporomoka. Desemba 2000, wakati wa vita iliyoyaingiza majeshi ya nchi nyingi za Afrika, Pweto ilianguka mikononi mwa jeshi la Rwanda na waasi waliokuwa nao. Raia kwa maelfu walikimbilia Zambia, na pamoja nao wakaja askari walioshindwa, ambao Zambia iliwapokonya silaha. Tangu Agosti 2017 wakimbizi walivuka tena kuingia Chienge na Nchelenge, na mwanzoni mwa mwaka 2018 wakaanza kuhamishiwa makazi ya Mantapala wilayani Nchelenge. Itakuwa uongo kusema kwamba Marekani ndiyo iliyoleta yote hayo. Wakongo wenyewe, majirani zao, Ubelgiji na Ufaransa, kila mmoja ana fungu lake. Lakini fungu la Marekani lipo, na halipungui kwa kutajwa mafungu ya wengine.

Sababu ya tatu ni nguvu isiyosikiliza, hata inapotaka kutenda mema.

Agosti 20, 1998, makombora ya Marekani yalikiteketeza kiwanda cha dawa cha Al-Shifa karibu na Khartoum, kwa madai kwamba kilihusika na silaha za kemikali. Ushahidi wa kuwaridhisha watu haukutolewa kamwe. Machi 2003 Marekani iliivamia Iraki kwa madai ya silaha za maangamizi, na silaha hizo hazikupatikana. Wengi waliokuwa wameililia Marekani iliposhambuliwa Septemba 2001 waliigeuzia uso katika muda wa miaka miwili tu. Nao hawakuwa watu wengine. Kilichobadilika ni matendo waliyoyaona.

Msaada nao una hadithi yake. Tangu mwaka 2003 mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI umewapatia dawa watu wengi mno barani Afrika, na Zambia ni miongoni mwa nchi zilizonufaika sana. Vijana wa Peace Corps wamekuwako Zambia tangu mwaka 1994. Baadhi yao wameishi katika vijiji vya Luapula, wakajifunza Kibemba na kusaidia ufugaji wa samaki. Huko Nchelenge watafiti wa Kizambia na wa Kimarekani wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi dhidi ya malaria, ugonjwa unaowasumbua sana watu wa ziwani. Mama ambaye mtoto wake alipona haambiwi na mtu yeyote awachukie Wamarekani, na akiambiwa hatasikia.

Lakini Januari 2025 serikali mpya ya Washington ilisimamisha misaada ya nje kwa sahihi moja, na Julai mwaka huo shirika la misaada la USAID likafungwa. Kliniki zilizokuwa zikitegemea fedha hizo hazikupewa nafasi ya kujiandaa. Mwezi Mei 2025 balozi wa Marekani mjini Lusaka alitangaza pia kupunguzwa kwa msaada wa dawa wa dola milioni 50 kwa mwaka, kwa sababu dawa zilizotolewa bure zilikutwa zikiuzwa madukani. Hapo askari polisi na wasikilize vizuri. Wizi huo haukufanywa na Mmarekani. Ulifanywa na watu wa hapa hapa, waliomwibia mgonjwa maskini, na ulikuwa kazi ya polisi kuukomesha kabla ya balozi kuusema hadharani. Mtu hawezi kulalamika kwamba mgeni ameondoa kibuyu chake, hali mwenyewe alikuwa akikitoboa.

Ndugu wasikilizaji, kama zipo sababu za haki za manung'uniko, upo pia uongo unaojifunika shuka la sababu hizo. Novemba 1964, huko Tanzania, zilitangazwa barua zilizodaiwa kufichua njama ya Marekani na Ureno dhidi ya nchi hiyo. Maandamano yakafanyika, na jina la Marekani likalaaniwa mitaani. Baadaye ikabainika kwamba barua zile zilikuwa za kughushi. Mwaka 1983 gazeti moja la India lilichapisha habari kwamba UKIMWI ulitengenezwa na Wamarekani katika maabara, na habari hiyo ikazunguka dunia nzima hata ikafika Afrika. Mwaka 1992 mkuu wa ujasusi wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikiri kwamba uvumi huo ulienezwa na majasusi wa nchi yake. Kwa nini watu waliuamini kwa urahisi? Kwa sababu walikwisha sikia habari ya sumu ya Leopoldville. Siri moja ya kweli huwafungulia mlango uongo kumi.

Na chuki ikishaachiwa mlango haichagui wa kumla. Agosti 7, 1998, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Mjini Nairobi walikufa watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Mjini Dar es Salaam walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Waliokufa walikuwa makarani, walinzi, madereva na wapita njia, watu waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki. Waliotega mabomu yale walisema wanaipiga Marekani. Walioyapokea walikuwa Waafrika.

Basi askari afanye nini na maarifa haya? Kwanza, atenganishe serikali na watu wake. Mmarekani anayepita Chienge na mkoba mgongoni hakumtuma Dulles wala Gottlieb mwenye sumu. Ni mgeni, na usalama wake ni amana mikononi mwa polisi wa mahali hapo. Pili, apime habari kabla ya kuibeba. Askari akiamini barua ya kughushi, huifuata kwa bunduki. Tatu, asimwone kila mwenye manung'uniko kuwa mhaini au mpumbavu. Anayeikumbuka Januari 17, 1961, hana kosa la jinai. Kosa ni kuchukua rungu kwa ajili ya kumbukumbu hiyo, na hapo ndipo kazi ya askari inapoanza.

Lipo jambo la nne, nalo ndilo zito kuliko yote. Kipimo kinachotumika kuipimia Marekani kinampima pia kila mwenye sare. Ng'ambo ya ziwa, mkabala na Nchelenge, uko mji wa Kilwa wa Kongo. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji huo bila ya mapigano makubwa. Jeshi la Kongo likaja kuukomboa, likitumia magari na ndege za kampuni ya machimbo ya shaba kutoka Australia. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, watu zaidi ya 70 waliuawa, na wengine walichukuliwa hadharani wakauawa pasipo hukumu. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi haikumtia mtu yeyote hatiani kwa mauaji hayo ya mjini. Bendera iliyokuwa juu ya magari yale haikuwa ya Marekani. Ilikuwa ya taifa la marehemu wenyewe. Je, watu wa Kilwa watalikumbuka jeshi lao kwa namna gani? Watalikumbuka kama vile wengine wanavyoikumbuka Marekani: wenye nguvu walikuja, wakatenda, wakaondoka, na hakuna aliyeulizwa.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ni rahisi kuulaani ubeberu wa taifa kubwa ukiwa umeketi kwenye kizuizi cha barabara, huku unampokonya mchuuzi samaki wake. Mchuuzi huyo hajui habari za Eisenhower. Anajua jina la kituo na sura ya aliyemnyang'anya, naye atawasimulia wanawe.

Mwaka 2013 askari wa Tanzania walijiunga na kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichotumwa mashariki ya Kongo kuwalinda raia, na Desemba 7, 2017, baadhi yao waliuawa katika kambi ya Semuliki, Kivu ya Kaskazini. Walikwenda nchi ya watu wakiwa na silaha, kama walivyokwenda wengine wengi kabla yao. Tofauti kati ya mlinzi na mvamizi haiko katika rangi ya ngozi wala katika hotuba za viongozi. Iko katika mambo machache yanayoonekana kwa macho: amealikwa na nani, amemtendea nini mwenye nyumba, na akikosa, anahukumiwa na nani.

Juni 27, 2025, Kongo na Rwanda zilitia sahihi mapatano ya amani mjini Washington, na habari za madini ya Kongo zilitajwa sambamba na habari za amani. Watu wa Mweru wana haki ya kuyatumainia mapatano hayo. Wana haki pia ya kuuliza mapema kile ambacho babu zao wa Shinkolobwe hawakupewa nafasi ya kukiuliza: kinachochukuliwa ni nini, kinakwenda wapi, na nani atawajibika mambo yakiharibika. Mataifa makubwa yakijibu maswali hayo kwa uwazi, balozi zao zitahitaji kuta fupi zaidi. Na polisi wa Chienge akimjibu mvuvi maswali kama hayo kwa adabu, kituo chake hakitahitaji ukuta wowote.